Jumamosi za Lynn

Makongeni, Thika
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako ndugu yangu Gachanja,

Pokea salamu za watu wa Makongeni. Sisi tuko, Mungu ametuweka. Mvua hatujaiona tangu Krismasi na vumbi limeingia mpaka ndani ya cherehani, lakini kazi iko, maana shule zikifunguliwa ndipo kila mama anakumbuka kwamba sketi ya mtoto imekuwa fupi. Mama yetu nilimwona kule nyumbani Murera wiki jana. Goti bado linamsumbua ila mdomo ni mzima kabisa. Amenituma nikuulize kama Ruiru imehamishiwa Sudan, kwa sababu wewe huonekani.

Usishangae kuandikiwa barua mwaka huu kama tuko bado darasa la sita. Simu nimepiga mpaka nimechoka. Tangu tumzike mke wako Becky, Agosti ya mwaka juzi, hushiki simu ya mtu na ujumbe husomi. Kwa hivyo nimempa barua Kahiga, jirani yangu anayepeleka mkate Ruiru kila Jumatatu. Atakuachia pale karakana yako ya mageti.

Sasa nije kwa mtoto wako ninayekaa naye hapa. Lynn anaamka, anaenda shule, anarudi, anaosha vyombo. Ukimuuliza, "Niko tu sawa, Tata." Lakini mimi ni fundi wa nguo, Gachanja, kipimo hakinidanganyi. Tangu afungue Form Three nimepunguza kiuno cha sketi yake mara mbili. Mwalimu anasema darasani anaangalia ukuta.

Shuleni kwao ameletwa mshauri wa wanafunzi, Madam Mbinya, mama mtulivu wa huko Machakos. Anataka kukaa na Lynn saa moja kila wiki, wazungumze, ushauri nasaha wanauita. Mzazi lazima atie sahihi. Fomu iko ndani ya bahasha. Mimi ni Tata wake, shangazi tu, siwezi kuandika jina langu mahali pa baba.

Fikiria, unijibu.

Dada yako,
Wakonyo


Ruiru
23 Februari 2025

Dada Wakonyo,

Nimepata barua. Mimi niko sawa. Kazi ni nyingi, kila mtu anajenga na kila anayejenga anataka geti. Mwambie mama nitakuja. Asante kwa kumlea Lynn, hilo silisahau hata siku moja.

Fomu ninairudisha vile ilikuja.

Sisi tulimzika baba ukiwa na miaka kumi na tatu, mimi kumi. Nani alituketisha kwa kiti atuulize tunajisikiaje? Tulimzika Jumanne, Jumatano tukachuma kahawa. Na tuko hapa. Hawa watoto wa siku hizi mkiwaambia wana shida, wataitafuta mpaka waipate.

Tena huyo mama nani alimtuma? Leo anaambiwa yeye peke yake, kesho chumba cha walimu kizima kinajua vile watu wa nyumba ya Gachanja walikuwa wakiishi. Nyumba yangu ikivuja nitapanda mwenyewe niizibe. Lynn si mwendawazimu. Ana huzuni, na huzuni ina dawa moja, kazi na kanisa. Mpeleke kwaya.

Usinitumie hiyo karatasi tena.

Gachanja


Makongeni, Thika
30 Machi 2025

Ndugu yangu Gachanja,

Habari ya Ruiru? Huku mvua imeanza kwa fujo, barabara ya kwetu imekuwa mto na wateja wanaruka mawe kama mbuzi. Mama anasema ahadi yako ya kuja ameiweka pamoja na zile zingine.

Nilikusikia. Fomu niliirudisha bila sahihi. Lynn nilimwambia jikoni, "Baba yako amekataa, na mimi naona ni sawa." Hakuniuliza sababu. Alisema tu, "Sawa, Tata," akaendelea kusugua sufuria iliyokuwa imeshang'aa.

Ijumaa ya wiki jana waliita wazazi shuleni tuzungumze kuhusu jambo hilo hilo. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama kwa dirisha. Madam Mbinya alieleza kazi yake, kisha wazazi wakaanza. Mzee mmoja wa Kamenu, wa duka la mbolea, alisema, "Mimi nilichapwa nikanyooka. Huyu wangu akishauriwa atanyooka na nini?" Watu wakacheka. Mama mwingine akasema kwamba mchungaji yupo, mambo ya roho apelekewe mchungaji. Mwingine alikuwa na hofu mtoto atasema mambo ya chumbani kwa wazazi.

Halafu akasimama Perez, yule mama wa samaki hapa soko ya Makongeni, unamjua. Alisema, "Kijana yangu alikuwa ananyamaza hivi. Mimi nikasema ni kiburi. Amekuja kwa Madam mara sita, siku ya saba akaniambia kuna mtu alikuwa anamtishia njiani tangu Form One. Mimi mama yake mzazi, nakaa na yeye nyumba ya chumba kimoja, sikujua. Nyinyi mnaogopa watoto wataongea. Mimi naogopa wakinyamaza." Akaketi.

Hapo ndipo nilisimama. Sijui nini kilinisukuma, labda ni vile nilikuwa nimeshakataa kwa niaba yako na sikutaka kuonekana mjinga. Nilisema siri ya familia ni kama nguo ya ndani, haianikwi barabarani. Nilipigiwa makofi, Gachanja. Makofi mengi. Nilipoketi, Perez aliniangalia bila hasira yoyote, ningependa hata angenitukana.

Kitu kimoja kingine. Juzi tukianua nguo Lynn alisema, "Tata, ile siku ya mami…" Nilikuwa na sare za watu kumi za kumaliza. Nikamwambia, "Wacha mambo ya marehemu, utanivunja moyo mchana." Akaacha. Sijui alitaka kusema nini. Wewe unajua?

Jumamosi bado anaenda masomo ya ziada huko Kamenu, kwa hivyo usiseme hasomi. Tatizo ni kwamba kila wiki ananiomba credit ya simu, na sijui anaongea na nani.

Wako,
Wakonyo


Makongeni, Thika
18 Mei 2025

Gachanja,

Sisi wazima. Mama alianguka karibu na zizi lakini hakuvunjika. Kahiga anasema barua ya Machi alikupa mkononi, kwa hivyo najua unayo. Wiki saba.

Likizo ya Aprili Lynn alikuja kwako akae wiki mbili. Siku ya nne nikamwona mlangoni na begi. Nikamuuliza mmekosana? "Hapana, baba hakuniambia kitu." Hilo ndilo jibu lote. "Hakuniambia kitu." Nililigeuza kichwani nikaona lina pande mbili, kana kwamba kuna neno alilokuwa akilingoja.

Lakini siandiki kwa sababu hiyo. Jana nilikuwa Kamenu kununua uzi, nikapitia kwa yule mwalimu wa masomo ya Jumamosi nimsalimie. Akaniuliza, "Lynn gani?" Gachanja, hajawahi kukanyaga hapo. Tangu Januari. Kila Jumamosi anavaa sweta, anabeba vitabu, ananiambia "Kwaheri Tata," na anarudi saa kumi na mbili jioni. Anaenda wapi?

Nimeogopa kumuuliza. Niliona nikimuuliza vibaya anaweza kuondoka na asirudi. Nijibu wewe baba yake. Usiponijibu nitamfuata.

Wakonyo


Ruiru
8 Juni 2025

Dada,

Salamu. Samahani kwa mwandiko, nilikatwa kidole gumba na grinda ya kukatia vyuma mwezi uliopita, kinapona.

Usimfuate. Hana mvulana na hafanyi ubaya. Najua anakoenda. Mwache.

Mwambie mama pole kwa kuanguka.

Gachanja


Makongeni, Thika
22 Juni 2025

Gachanja,

Leo sina salamu ndefu. Mama ni mzima, mimi ni mzima. Nilimfuata.

Nisikilize nikueleze vile ilikuwa. Jumamosi ya tarehe kumi na nne nilijifunga kitambaa mpaka machoni nikatoka nyuma yake. Akashuka Ruiru. Nikasema ah, kumbe anaenda kwa baba yake na wamenificha tu. Lakini hakuelekea kwako. Alienda hospitalini. Ile ile alikofia Becky. Akaingia sehemu ya dharura, akaketi kwenye benchi la wanaongoja, akaweka begi magotini.

Nilifikiri ni mgonjwa. Nilifikiri mabaya yote mama anaweza kufikiria. Nikamwendea askari wa mlango, Mjaluo mmoja mrefu anaitwa Okello, nikamuuliza, "Yule msichana wa sweta ya bluu anaumwa na nini?"

"Yule?" akasema. "Yule haumwi, mama. Yule ni wetu. Anakuja kila Jumamosi, mimi nilidhani ni wa kanisa."

"Anafanya nini?"

"Anapigia watu simu. Wewe simama hapa uone."

Nikasimama. Haikupita nusu saa, akaletwa mzee amebebwa, na mke wake nyuma bila viatu, simu yake imezima, haina moto. Lynn akainuka. Akamketisha yule mama, akamuuliza namba ya kijana wake, akapiga. Haikushikwa. Akapiga tena. Haikushikwa. Sikuwahi kumwona mtoto huyo na uso kama ule, Gachanja, alikuwa amekaza meno. Akapiga, akapiga, na iliposhikwa akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Usikate. Mama yako yuko hapa, ongea na yeye." Akampa yule mama simu. Kisha akaenda akasimama peke yake karibu na ukuta, akageuza mgongo.

Credit nimekuwa nikinunua mimi, nikiamini ni ya mvulana.

Okello akaniambia neno lingine. "Kuna mzee wa karakana alikuja hapa mwezi wa tano, mkono imefungwa na shati, damu inatoka. Nikamwambia ingia haraka. Akaona huyu msichana, akasimama pale mlangoni kama mti. Akarudi nyuma akaenda. Mpaka leo najiuliza alitibiwa wapi."

Ni wewe. Ulimwona mtoto wako akiwa umbali wa hatua kumi, ukaenda na damu yako.

Kuna kitu kilitokea ile siku Becky alikufa, ambacho mimi sikijui na Lynn anakijua. Kwa nini mtoto anakaa kwenye benchi hilo akihakikisha simu za watu zinashikwa? Niambie. Mimi sikumwendea Lynn. Nilirudi nyumbani kabla yake, nikapika, akaja tukala. Aliniambia wamesoma hesabu. Nikasema vizuri.

Wakonyo


Ruiru
13 Julai 2025

Dada yangu Wakonyo,

Barua yako imelala chini ya godoro wiki tatu. Nimeanza hii mara nne nikachana. Nitaandika bila kusoma nilichoandika.

Ile Jumamosi asubuhi tuligombana na Becky. Alitaka mama yake aje aishi na sisi, mimi nikasema nyumba ni ndogo. Nikasema na maneno mengine siwezi kuyaandika. Nikatoka. Mchana nilikuwa nakula nyama na wateja, simu ikiwa juu ya meza. Ilipolia niliona jina la Lynn. Becky alikuwa na tabia, nikikataa kushika simu yake, anachukua ya mtoto anipigie nayo ili aendelee na ugomvi. Nikasema ni yeye. Nikaigeuza ikaangalia meza.

Ililia mara tisa. Sikuizima. Sikuwa mbali. Kutoka pale mpaka nyumbani ni dakika kumi kwa miguu, na pikipiki za karakana zilikuwa mbili nje. Nilikuwa naisikia ikitetema chini ya sahani na nikaagiza ugali mwingine.

Kifua cha Becky kilikuwa kimefunga. Ile pumu yake unaijua. Lynn alikuwa na miaka kumi na nne, alimbeba na jirani mpaka barabarani wakapata gari. Mimi nilishika simu saa kumi na mbili, na aliyekuwa upande ule mwingine alikuwa nesi.

Wewe ulinikuta pale kwenye korido, na mama, na ndugu zake Becky. Wote walikuwa wakiniangalia. Nilisikia swali lao hata kabla hawajaliuliza. Nikamgeukia mtoto nikasema, na ulisikia, mlisikia wote, "Kwa nini hukunipigia mapema? Ungenipigia mapema mama yako angekuwa hai."

Alifungua mdomo, Wakonyo. Aliniangalia, akaufunga.

Nikaenda chooni nikafuta zile simu tisa, moja moja.

Sasa umejua kwa nini nilikataa fomu. Yale ya kuchuma kahawa na kwaya ni maneno tu. Niliogopa huyo mama wa Machakos atamuuliza mtoto wangu swali zuri, naye atajibu. Aprili alipokuja nilitaka kumwambia. Siku nne nilikuwa nakaa naye mezani, nafungua mdomo, nasema, "Ongeza chai." Na siku ya kidole niliona akimpigia mtu simu kwenye benchi lile, nikaelewa yote kwa mara moja, na miguu ikanigeuza. Kidole nilifungiwa na mtu wa duka la dawa. Hakikushonwa, kimepona kikiwa kimepinda.

Sijui utafanya nini na barua hii. Ukitaka kumwonyesha mama, mwonyeshe.

Gachanja


Makongeni, Thika
16 Julai 2025

Gachanja,

Nimesoma. Nilikuwa na mteja akijipima gauni, nikamwambia aende nalo bila kumalizwa.

Nataka kukutukana na siwezi, kwa sababu nikikunyooshea kidole nakumbuka yangu. Kule kwenye maandalizi ya mazishi, ni nani alikuwa akiwaeleza akina mama waliokuja kupika? Ni mimi. "Mtoto alishikwa na woga, maskini, akachelewa kupiga simu." Nilisema kwa huruma, na nikasema mara nyingi. Lynn alikuwa akipitisha chai katikati yetu. Wewe ulisema uongo mara moja. Mimi niliusambaza Murera nzima, halafu nikamchukua mtoto akae kwangu nikajiona mwema. Na alipotaka kuniambia, nikamwambia nina sare za kushona.

Na nilipigiwa makofi.

Barua sitamwonyesha mtu. Usiniambie mimi, mimi si wa kuambiwa. Fomu mpya iko ndani. Nilienda kuiomba kwa Madam Mbinya, nikamwambia nilikosea kwenye mkutano. Hakunifanya nijisikie vibaya, alinipa kiti. Nilimuuliza kama nikuburute mpaka shuleni wiki hii umwambie Lynn. Akasema, "Tia sahihi kwanza. Yeye ndiye atasema lini, si nyinyi."

Tia sahihi. Mpe Kahiga akirudi Jumatatu.

Wakonyo


Ruiru
21 Septemba 2025

Dada yangu,

Salamu nyingi. Hapa nimepata kijana wa kunisaidia kuchomelea kwa sababu kidole hakishiki vizuri. Nimeshukuru zile barua zako fupi tangu nitie sahihi ile fomu, hata kama zilikuwa za mstari mmoja. "Ameenda leo." "Ameenda tena." "Leo ametoka macho yamevimba lakini amekula." Nilikuwa nazisoma mpaka zinachakaa.

Uliniuliza kupitia Kahiga ile Jumatano ya shuleni ilikuwaje, kwa sababu ulibaki nje kwa lango. Nitakuambia.

Ofisi ya Madam Mbinya ilikuwa stoo ya vitabu. Kuna viti vitatu na dirisha moja. Lynn alikuwa ameketi tayari, amekuwa mrefu. Madam akaniambia, "Lynn ndiye amekuita, baba. Chukua muda wako." Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani. Yakaisha yote. Nikasema, "Lynn, ulinipigia mara tisa. Niliona. Sikushika. Halafu nikakusingizia mbele ya watu."

Nilingoja alie. Hakulia. Alisema, "Najua, baba. Ilikuwa inaita. Simu iliyozimwa haiiti."

Wakonyo, alijua siku hiyo hiyo. Kwenye korido alijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka miwili hiyo. Akasema, "Ningesema wangekuchukia. Mami alikuwa ameshaenda. Ningebaki na nani?"

Mimi ndiye nililia. Nililia kama mtoto, nikasikia aibu, nikataka kumshika mkono na akauondoa. Si kwa hasira, aliuondoa tu akauweka magotini. Nilikuwa nimemwogopa Madam Mbinya mwaka huu mzima, na kazi yake yote siku ile ilikuwa kutuachia kimya na kumsogezea mtoto karatasi za kupangusa macho, ambazo nilizitumia mimi.

Halafu Lynn akaniambia neno alilokuwa ameliandika kwenye daftari, akasoma. "Ulinisema mbele ya watu. Nataka uniondolee lawama mbele ya watu wale wale." Akafunga daftari.

Nilimwambia ndiyo. Nilipotoka nilikuwa nawaona mama, na mama yake Becky, na shemeji zangu wote wakinisikiliza. Ndiyo maana nilikupita pale langoni bila salamu. Nisamehe.

Nisaidie kuwaita. Iwe Murera, shule zikifungwa.

Gachanja


Makongeni, Thika
9 Novemba 2025

Ndugu yangu Gachanja,

Natumaini ulifika Ruiru salama jana. Sisi tulirudi jioni kutoka Murera, na nimeamka nikaketi kukuandikia kabla ya kanisa, maana uliondoka kabla ya chakula na kuna mambo hukuyaona.

Ulisema vizuri. Sikutarajia useme mpaka ile ya ugali mwingine, hiyo ungeweza kuificha na hakuna mtu angejua. Ulipomaliza ukashika njia ya shamba, watu wote walibaki wakiangalia vikombe. Mama yake Becky alijifunika uso na leso. Kaka yake Becky alisimama kukufuata, na sijui angekufanyia nini, lakini mama yetu alimzuia kwa fimbo. "Keti. Leo si siku ya wewe. Mtoto yuko hapa." Kisha akamwita Lynn, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kikuyu yale maneno ambayo mama hujawahi kumsikia akimwambia mtu yeyote. Alimwomba msamaha. Mama yetu, Gachanja. Alisema, "Mimi nilikuwa kwenye korido. Nilisikia akikusema na sikumuuliza simu yake iko wapi."

Basi nami nikasimama. Nilisema yangu, ya akina mama waliokuwa wakipika, na ya makofi. Hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa haki.

Mama yake Becky alikuja baadaye jikoni. Alikaa na Lynn, akamuuliza Becky alisema nini ndani ya gari, kama alisema chochote. Lynn akamwambia. Walikaa muda mrefu. Mimi nilitoka nikawaachia, kwa hivyo siwezi kukuambia ni nini, na usimuulize yule mama. Hilo ni lao.

Hospitalini Lynn aliacha kwenda mwezi uliopita. Hakuna aliyemkataza. Alienda akamuaga Okello na kumwachia chaja. Jumamosi sasa analala mpaka saa nne, na akiamka ananigombeza kwamba cherehani inapiga kelele. Wiki hii alinijibu vibaya mara mbili na akafunga mlango kwa nguvu. Nilimwambia Madam Mbinya, nikidhani ameharibika. Akacheka. Akasema, "Amekuwa akimlinda baba yake miaka miwili. Mtu akilinda mtu hawezi kumkasirikia. Sasa ameweka mzigo chini, mikono iko wazi."

Ndiyo maana nakuomba usije Jumapili ijayo kama ulivyopanga. Wala ile nyingine. Najua umesafisha nyumba, Kahiga ameniambia umepaka rangi chumba chake. Acha rangi ikauke. Jana kwenye gari nilimuuliza, "Nimwambie baba yako nini?" Aliangalia nje mpaka tukapita mashamba yote ya Murera. Halafu akasema, na nimeandika vile alivyosema bila kuongeza wala kupunguza:

"Mwambie nimekasirika. Mwambie nimekasirika sana, Tata. Nikimaliza nitampigia."

Dada yako,
Wakonyo